Bahari Mbili na Mvua ya Mwaka wa Uhuru

Mwaka 1961 ulianza kwa kiu. Kwenye mbuga za Wamaasai kusini mwa Kenya ng'ombe walikuwa wakifa kwa ukame ulioanza mwaka uliotangulia, na wazee waliozoea kuhesabu mali yao kwa mazizi wakaanza kuihesabu kwa vichwa. Ikaingia Oktoba. Vuli, ambayo kwa desturi ni mvua ya kuja na kupotea, ilishuka kama masika na ikakataa kukoma. Mto Tana ulipanda juu ya kingo zake, vijiji vikabaki visiwa, na ndege za jeshi la Uingereza zikawa zinadondosha chakula kwa watu ambao miezi michache nyuma walikuwa wakiomba mvua. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba nchi ikiwa imelowa. Kenya, iliyokuwa bado miaka miwili kuupata wake, nayo iliyaita Mafuriko ya Uhuru, na kwa jina hilo yanakumbukwa hadi leo.

Mvua ilipokatika, Ziwa Victoria liliendelea kujaa. Ziwa hilo hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka mawinguni moja kwa moja, mito ikiongeza kidogo tu, na mlango wake wa kutokea ni mmoja, pale Jinja. Kati ya mwisho wa 1961 na katikati ya 1964 maji yalipanda zaidi ya mita mbili. Magati na mashamba ya kandokando yalimezwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Maji hayo yalipoteremka na Nile hadi Sudan, vinamasi vya Sudd vilitanuka zaidi ya mara mbili, vikala malisho ya Wadinka na Wanuer ambao hawakuwa wameona hata tone la ile vuli ya Oktoba.

Wapimaji wa mvua walikuwepo, na madaftari yao yalijaa tarakimu. Walichokosa ni sababu. Miaka 38 ingepita kabla ya mtu kuweza kusema mvua ile ilitoka wapi, na jibu lilifika Afrika Mashariki kwa kuzunguka India, Peru, Norway, California na Tokyo.

Hapa pwani si kwamba watu walikuwa wageni wa pepo. Karne kwa karne majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Omani, Ghuba na Gujarati kati ya Novemba na Machi, yakapanda tena na kusi. Manahodha walihesabu siku tangu Nairuzi, kumi kumi, na mwishoni mwa karne ya 15 Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, aliandika kitabu kizima cha elimu hiyo: lini uondoke bandari ipi, lini ukichelewa uvute jahazi pwani usubiri. Ilikuwa elimu ya uhakika, na watu walikabidhi roho zao na mali zao kwayo. Lakini kalenda hueleza kile kinachorudi. Juu ya mwaka unaovunja desturi, nahodha alikuwa na dua tu.

Mwaka unaovunja desturi uliulizwa kwa uzito kwanza India, na aliyeuliza alisukumwa na njaa. Kati ya 1876 na 1878 mvua za pepo za kusi magharibi zilikosekana, mamilioni ya watu wakafa, huku nafaka ikiendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Henry Blanford, aliyewekwa mwaka 1875 kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya hali ya hewa ya India, aliagiza vipimo vya mgandamizo wa hewa kutoka makoloni ya mbali ili aone kama balaa lile lilikuwa la India peke yake. Halikuwa. Mwaka 1888 Charles Todd, kule Adelaide, alibaini kwamba miaka ya ukame ya Australia na ya India mara nyingi ilikuwa miaka ile ile. Hapo ndipo uzi uliposhikwa, na sifa ya kuushika nadhani inawastahili makarani wa posta na simu waliosoma vipimo asubuhi na jioni katika vituo visivyojulikana, kuliko mabwana waliotia sahihi ripoti.

Blanford alitazama theluji ya Himalaya akaamini ndiyo ufunguo: theluji nyingi, mvua haba. Mrithi wake, John Eliot, aliongeza dalili juu ya dalili, utabiri wake ukawa mrefu na wenye maneno ya kujiamini. Mwaka 1899 alitabiri mvua njema. Ukaja ukame mmoja wa mibaya kabisa katika historia ya nchi ile.

Nafasi yake ilichukuliwa mwaka 1904 na mtu ambaye hakuwa amesomea hali ya hewa hata kidogo. Gilbert Walker alikuwa mwanahisabati wa Cambridge, bingwa wa mwaka wake chuoni, aliyejulikana kwa utafiti wa kinachofanya bumarengi irudi kwa aliyeirusha. Yeye aliona kwamba kubahatisha sababu kumewachosha wote, akaamua kuacha tarakimu ziseme. Makarani wa Kihindi walikaa mezani, wakalinganisha kwa mkono mvua ya India na kila kipimo kilichopatikana duniani: mgandamizo wa hewa Mauritius na Amerika ya Kusini, theluji ya milimani, mafuriko ya Nile. Mvua ya Zanzibar nayo iliingia katika hesabu zake. Kipimo kilichosomwa Unguja kilisafiri kwa waya wa simu kwenda kusaidia kukisia mavuno ya Punjab.

Hesabu zile zilitoa kitu ambacho Walker hakukitafuta. Mgandamizo wa hewa ukiwa mkubwa upande wa Pasifiki, huwa mdogo upande wa Bahari ya Hindi, kutoka Afrika hadi Australia. Upande mmoja ukishuka mwingine hupanda, kama watoto wawili kwenye ubao wa pembea. Katika miaka ya 1920 aliupa jina la Mbembeo wa Kusini, akaonyesha kwamba unagusa mvua za nchi zisizopakana wala kufahamiana. Wenzake wengi walicheka. Hakuwa na maelezo ya kinachousukuma ubao, na mtu mwenye tarakimu bila sababu hufanana na mpiga ramli. Walker hakubisha sana. Alisema tu kwamba sababu lazima ipo, na huenda iko baharini, mahali ambapo vipimo vilikuwa havijafika. Alifariki Novemba 1958.

Jibu la nusu lilikuwa tayari limeandikwa, tena na mabaharia. Pwani ya Peru ni jangwa kavu kabisa lililopakana na bahari iliyojaa samaki. Maji pale ni baridi, yanapanda kutoka vilindini yakiwa na rutuba, dagaa wanashiba, ndege wanakula dagaa, na kinyesi cha ndege hao, kikichimbwa visiwani, kiliitajirisha Peru katika karne ya 19 kwa kuwa mbolea ya mashamba ya Ulaya. Karibu na Krismasi mkondo wa maji ya vuguvugu huteremka kutoka kaskazini, na mabaharia wa Paita waliuita mkondo wa Mtoto Yesu, El Niño. Mwaka 1892 nahodha Camilo Carrillo aliwaeleza habari zake wanajiografia wa Lima. Mwaka uliotangulia mkondo ulikuja na nguvu isiyo ya kawaida, mvua kubwa ikanyesha jangwani, na nyasi zikaota mahali ambapo mbuzi hawakuwahi kulishwa. Wengine waliihesabu kuwa miaka ya neema. Mwaka 1925 hakuna aliyesema neema: Trujillo ilifurika, nyumba za udongo zikayeyuka, na ndege wa visiwani wakafa kwa wingi fukweni, kwani dagaa walikuwa wamekimbia maji ya moto.

Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili, moja la Peru lililoitwa mkondo, jingine la India lililoitwa mbembeo, na vitabu viwili tofauti. Mholanzi Hendrik Berlage, aliyefanya kazi miaka mingi Java, aliviweka karibu karibu. Aliyevifunga pamoja ni Jacob Bjerknes.

Bjerknes alikuwa Mnorwe wa ukoo wa wanasayansi. Akiwa kijana kule Bergen, pamoja na baba yake Vilhelm, alisaidia kueleza jinsi dhoruba za Ulaya zinavyozaliwa pale hewa ya baridi inapokutana na ya joto. Vita ya Pili ilimkuta Marekani. Ujerumani ikaivamia Norway, naye akabaki Los Angeles, akijenga idara ya chuo kikuu. Alikuwa amepita umri wa miaka 60 tume inayosimamia uvuvi wa jodari katika Pasifiki ya mashariki ilipomwomba aangalie bahari ya ukanda wa joto. Kwa bahati, miaka ya 1957 na 1958 ilikuwa imetangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, na meli na vituo vilikuwa vikipima mambo kuliko wakati wowote uliopita. El Niño kubwa ilitokea katikati ya upimaji huo. Maji ya moto hayakuishia Peru. Yalitanda kwenye ikweta hadi katikati ya Pasifiki, na kwenye kisiwa kidogo cha Canton, ambako kulikuwa na kituo cha hali ya hewa, mvua zilifuata joto la bahari kwa utii.

Mwaka 1969 Bjerknes alichapisha maelezo ambayo Walker aliyakosa. Karibu na ikweta pepo za mashariki husukuma maji ya juu ya Pasifiki kuelekea magharibi, hata usawa wa bahari Indonesia huwa juu ya ule wa Ekwado kwa karibu nusu mita. Maji ya moto yakirundikana magharibi, hewa hupanda juu yake na kumwaga mvua Indonesia. Hewa hiyo husafiri juu angani kurudi mashariki, ikashuka ikiwa kavu juu ya Peru, kisha ikavuma tena chini kuelekea magharibi. Mzunguko huo Bjerknes aliuita kwa jina la Walker. Siri yake ni kwamba hauna mwanzo. Upepo unafanya bahari iwe na joto upande mmoja, na joto hilo ndilo linaloutia upepo nguvu. Upepo ukilegea kidogo, maji ya moto yanarudi mashariki, tofauti ya joto inapungua, upepo unalegea zaidi. Klaus Wyrtki, Mjerumani aliyehamia Hawaii, alionyesha mwaka 1975, kwa vipimo vya usawa wa maji bandarini, kwamba maji hayo husafiri kama mawimbi makubwa ya chini kwa chini, na kwamba pwani ya Peru hupata joto kwa sababu ya upepo uliobadilika maelfu ya kilomita mbali nayo.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. El Niño ya 1972 ilikuta Peru ikivua dagaa kupita kiasi, na tasnia ya uvuvi ya kwanza kwa ukubwa duniani ikaporomoka. Ile ya 1982 iliwaaibisha mabingwa: mlima El Chichón wa Mexico ulilipuka mapema mwaka huo, vumbi lake likaifanya setilaiti isome bahari kuwa baridi kuliko ilivyokuwa, na tukio kubwa likaanza bila wengi kuliona. Fedha zikapatikana upesi baada ya hapo. Kufikia mwisho wa 1994 maboya yapatayo 70 yalikuwa yametiwa nanga katika Pasifiki, kila moja likituma habari za upepo na joto la maji hadi mita 500 kwenda chini.

Ndiyo maana El Niño ya 1997 ilionekana ikija. Na kwetu ndiyo iliyoleta jina.

Kuanzia Oktoba 1997 hadi mapema mwaka uliofuata vuli haikukoma. Barabara ya Nairobi na Mombasa ilikatika, madaraja yakaenda na maji. Uchaguzi mkuu wa Kenya wa 29 Desemba uliongezewa siku ya pili, mvua ikiwa sababu mojawapo ya masanduku ya kura kuchelewa. Katika tambarare za Garissa, mayai ya mbu yaliyokuwa yamelala udongoni kwa miaka yalilowa yakaanguliwa yote pamoja, na homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo kisha watu, Kenya na Somalia. Saudi Arabia ilifunga soko lake kwa mifugo ya pembe ya Afrika, na wafugaji waliookoka maji wakakosa wa kumuuzia. Miezi michache baadaye matumbawe ya kutoka Malindi hadi Mafia na Shelisheli yalikuwa meupe kwa joto la bahari, na mengi hayakupona. Indonesia, katika vuli ile ile, ilikuwa ikiungua, na moshi wake ukafunika Singapore. Elinino likawa neno la daladala na matatu, likaitwa kila shimo la barabara na kila bajeti iliyokosa maelezo.

Ila hesabu haikukaa sawa kwa wataalamu. El Niño ya 1982 ilikuwa karibu na hii kwa ukubwa, na Afrika Mashariki haikuona mafuriko ya namna hiyo. Na 1961 Pasifiki ilikuwa imetulia kabisa. Kama mkosaji ni El Niño, ilikuwa wapi mwaka wa Uhuru?

Toleo moja la jarida la Nature la Septemba 1999 lilikuwa na makala mbili juu ya Bahari ya Hindi. Moja iliandikwa na Saji, Goswami, Vinayachandran na Yamagata, Wahindi watatu na Mjapani mmoja wakifanya kazi pamoja Tokyo. Nyingine na kundi la Peter Webster kule Marekani. Zote zilisema kwamba bahari yetu ina mbembeo wake. Katika miezi ya tanga mbili, kusi likiisha na kaskazi halijashika, pepo kwenye ikweta ya Bahari ya Hindi kwa kawaida huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kusukuma maji ya moto kuelekea Sumatra kwa mkondo wa kasi ambao Wyrtki yule yule alikuwa ameueleza mwaka 1973. Vuli inabaki na makombo. Lakini kuna miaka ambayo maji ya Sumatra yanapoa mapema, pepo zinageuka, zinavuma kutoka mashariki, na joto lote linarundikwa upande wa Afrika. Hewa inapanda hapa badala ya kule. Indonesia na Australia zinakauka, na Tana inafurika. Waliiita dipoli ya Bahari ya Hindi, na kati ya miaka waliyoitaja kuwa mfano wake ulio wazi kabisa ni 1961. Mwaka 1997 dipoli na El Niño zilikuwa zimekuja pamoja.

Kwa maoni yangu, ugunduzi huu ulistahili kelele zaidi hapa kwetu. Kwa muda mrefu tumetazama Pasifiki kama anayesubiri hukumu kutoka mahakama ya nchi nyingine, na kumbe shahidi mkuu yuko hapo Bamburi na Kigamboni. El Niño mara nyingi huisukuma Bahari ya Hindi, hilo halipingwi, lakini inayoinyeshea vuli ni bahari hii.

Kuipima hakukuwa rahisi. Maboya ya Bahari ya Hindi, mtandao uitwao RAMA, yalianza kutiwa nanga mwaka 2004, upande wa mashariki ukitangulia. Upande wa magharibi, ule unaotuhusu, ulichelewa kwa miaka kwa sababu meli za utafiti zilikwepa maji yaliyotawaliwa na maharamia wa Somalia. Hata hivyo, Septemba na Oktoba 2006, watafiti wa NASA waliokuwa wakifuatilia joto la bahari zote mbili walionya kwamba homa ya Bonde la Ufa ingerudi, na Desemba ikarudi Garissa. Onyo lilitangulia ugonjwa kwa majuma, ingawa chanjo za mifugo ziliburuta miguu.

Mwaka 2015 ulikuja na El Niño kubwa sawa na ya 1997, kaunti za Kenya zikatenga fedha, watu wakanunua gambuti. Dipoli ilikuwa dhaifu. Mvua ilinyesha, ila mafuriko yaliyotangazwa hayakufika, na idara ya hali ya hewa ikawa kichekesho. Mwaka 2019 ikawa kinyume: Pasifiki haikuwa na la ajabu, dipoli ikawa ya nguvu kuliko zote kwa miongo kadhaa. Maporomoko yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi, Australia ikaungua, na Ziwa Victoria likapanda hadi kukaribia alama lililoiacha 1964.

Agosti 2023, baada ya miaka mitatu ya La Niña, hali iliyo kinyume cha El Niño, na misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana katika pembe ya Afrika, kituo cha hali ya hewa cha ICPAC cha Nairobi kilitangaza kwamba El Niño na dipoli zinakuja pamoja, na kwamba uwezekano wa vuli kubwa ni mkubwa. Oktoba Rais William Ruto aliwatuliza Wakenya kwamba mvua haitafikia uharibifu wa El Niño. Novemba Beledweyne, Somalia, ilikuwa chini ya maji ya mto Shebelle, Garissa imekatika na sehemu nyingine za nchi, na mwanzoni mwa Desemba matope ya Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80 huko Katesh, Tanzania.

Masika ya 2024 yalifuata kwa nguvu hiyo hiyo. Dipoli ilikuwa imekwisha na Pasifiki inapoa, lakini maji yaliyozuiwa chini ya tuta la reli yalipasuka usiku na kuifagia Mai Mahiu, na mitaani jibu lilikuwa ni Elinino tu. Wanasayansi wa World Weather Attribution walipochunguza masika hayo hawakukuta mchango wa maana wa bahari yoyote kati ya hizo mbili. Walikuta dunia iliyopata joto, na watu waliojenga kwenye njia ya maji kwa kukosa pengine pa kujenga.